Modemu Haikukataa: Kuunganisha Linux na Intaneti ya Simu

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu wa kompyuta, na ninyi vijana wa klabu mliokaa pale nyuma, nawashukuru kwa kunipa nafasi ya asubuhi, wakati umeme upo na vichwa bado vimetulia.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuunganisha kompyuta yenye mfumo endeshi wa Linux na intaneti ya simu: modemu ya kuchomeka, MiFi ya mfukoni, ruta ya mezani yenye laini ndani. Kwa mbali ni jambo dogo. Lakini kwa shule nyingi ndilo linaloamua kama chumba cha kompyuta kitakuwa darasa au stoo. Zipo kompyuta nzuri zilizowekewa Ubuntu, moja ya aina za Linux, hazisumbuliwi na virusi, zinawaka haraka, kisha zinafutwa na kuwekewa Windows isiyo na leseni kwa maelezo ya maneno mawili tu: "Modemu imekataa." Naumia kila ninapoyasikia, maana mara nyingi modemu haikukataa. Ilikwama mahali fulani, kompyuta ikaandika waziwazi imekwama wapi, na hakuna aliyekwenda kusoma.

Nilichokuja kusema ni hiki. Kuanzia tundu la USB hadi ukurasa wa wavuti kuna hatua kadhaa, na Linux haifichi hata moja. Mwalimu anayejua kuiuliza kompyuta "umefika wapi?" atajua afanye nini, na hata akimwita fundi atajua amwambie nini. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, nasi leo tunajifunza kuiuliza mashine.

Tuanze na modemu ya kuchomeka, kwa sababu ndiyo inayowachanganya watu kuliko zote. Chukueni mfano wa Huawei E3372, ambayo imeenea sana, inatumia 4G na kwa karatasi inaweza kupokea hadi megabiti 150 kwa sekunde. Ukiichomeka, kinachojitokeza kwanza si modemu. Ni CD. Watengenezaji waliwaza hivi: mnunuzi anatumia Windows, atahitaji draiva (programu ya kuendesha kifaa), basi tuiweke draiva ndani ya modemu yenyewe. Kwa hiyo modemu hujitambulisha kama kisomeo cha CD chenye programu ya kusakinisha. Programu hiyo ikishakaa kwenye Windows, hutuma ujumbe mfupi kupitia USB, na ile CD inajigeuza kuwa modemu.

Sasa mtu wa Linux anafungua CD ile, anakuta faili la kusakinisha la Windows, analibofya, halifunguki. Anakata tamaa. Kumbe Linux haina haja kabisa na programu hiyo. Draiva zinazotakiwa zimo tayari ndani ya kerneli, yaani kiini cha Linux, miaka mingi sasa. Kinachohitajika ni ule ujumbe wa kugeuza, na kwa ajili hiyo yupo mtu anayeitwa Josua Dietze aliyeandika programu ya usb_modeswitch na kuigawa bure. Ndani yake kuna orodha ndefu ya modemu za kampuni mbalimbali na ujumbe unaofaa kwa kila moja. Ubuntu na Linux Mint huja nayo. Ukichomeka, inafanya kazi yake kimyakimya, na CD inatoweka baada ya sekunde chache.

Itakapotokea haikutoweka, uliza. Fungueni terminali, dirisha la kuandikia amri, muandike lsusb. Mtaona mistari ya vifaa vyote vilivyochomekwa, na katika kila mstari kuna namba mbili zilizotenganishwa na nukta pacha. Ya kwanza ni ya kampuni: 12d1 ni Huawei, 19d2 ni ZTE. Ya pili ni ya kifaa na hali yake. E3372 ya aina ya h ikisomeka 12d1:1f01 bado ni CD. Ikisomeka 12d1:14dc imeshageuka. Namba hizo zinamaliza ubishi wote. Na kama imeganda kwenye 1f01, igeuzeni kwa mkono:

sudo usb_modeswitch -v 12d1 -p 1f01 -J

Kisha lsusb tena, mtazame namba imebadilika. Kwa wenye Debian, aina nyingine ya Linux, iliyosakinishwa kwa uchache, huenda usb_modeswitch haimo kabisa, na hapo kuna mtego: programu ya kuleta intaneti inatakiwa ipakuliwe kutoka intaneti. Msihangaike. Unganisheni simu ya Android kwa kebo ya USB, washeni kushirikisha intaneti kwa USB kwenye simu, na Linux itaiona simu kama kadi ya mtandao papo hapo. Pakueni kifurushi, chomoeni kebo, endeleeni na modemu.

Nikae kidogo hapa kwenye kebo ya USB, maana ina faida ambayo wengi hawaitumii. Laptopu za mitumba tunazonunua, hasa zile zenye kadi ya WiFi ya Broadcom, mara nyingi huwa hazioni WiFi siku ya kwanza. Kadi hiyo inahitaji programu ambayo kwa sababu za leseni haikuwekwa kwenye Linux, na ili kuipata unahitaji intaneti. Mtu ana MiFi mkononi, laptopu haioni WiFi, anasema Linux haifai. Sasa geuzeni mawazo: MiFi ile ile ina tundu dogo la kuchajia. Kebo inayoichaji inaweza pia kupitisha data, mradi iwe kebo ya data na si ile ya bei ya chini yenye nyaya za umeme pekee. Ichomekeni kwenye kompyuta. MiFi nyingi zitajitokeza kama kadi ya mtandao, intaneti itaingia kwa kebo, mtapakua programu ya WiFi, na tatizo limekwisha. Debian nayo, tangu toleo la 12 la mwaka 2023, imeanza kuweka programu za namna hii kwenye kisakinishi chake rasmi. Uamuzi ule ulichelewa, lakini umesaidia watu wa mazingira kama yetu kuliko mtu yeyote.

Turudi kwenye modemu iliyogeuka. Hapa njia zinagawanyika mara mbili, na lazima ujue uko njia ipi kabla hujagusa amri nyingine.

Njia ya kwanza ni ya modemu zinazojifanya ruta. E3372 yenye herufi h mwishoni mwa jina ni ya aina hiyo. Huawei wanaiita HiLink. Ndani ya kifaa kile kidogo kuna kompyuta kamili, tena nayo inaendesha Linux. Yenyewe ndiyo inayozungumza na mnara, inashika laini, inapata anwani. Kwa kompyuta yako inajionyesha kama kadi ya mtandao wa waya, inakupa anwani ya 192.168.8.100 au jirani yake, na mipangilio yake yote iko kwenye kivinjari: unaandika 192.168.8.1, unapata ukurasa wa kuweka APN (jina la mlango wa data wa kampuni ya simu), kusoma SMS na kuona nguvu ya mawimbi. Kwa aina hii Linux haina cha kusanidi hata kidogo.

Na hapa ndipo wanafunzi wazuri hukwama, kwa sababu wamesoma sana. Wanajua kwamba modemu husimamiwa na programu ya ModemManager, wanaandika mmcli -L, wanajibiwa kwamba hakuna modemu iliyopatikana. Wanadhani imeharibika. Haijaharibika. ModemManager imesema kweli: mbele yake hakuna modemu, kuna ruta. Andikeni ip addr badala yake, na mtaona kadi yenye jina refu linaloanza na enx. Jina hilo limetengenezwa kutokana na anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kifaa kwenye mtandao, na kwa E3372h nyingi utakuta ni enx0c5b8f279a64. Ndiyo, nyingi zina anwani ile ile moja. Kwa hiyo shule inayotaka kuchomeka mbili kwenye kompyuta moja ili kupata kasi mara mbili itaingia kwenye mgongano wa majina na wa anwani kwa pamoja. Chukueni modemu mbili za aina tofauti, au moja mwiweke kwenye kompyuta nyingine.

Njia ya pili ni ya modemu halisi, kwa mfano E3372 yenye herufi s, modemu nyingi za zamani za 3G, na kadi zinazokaa ndani ya laptopu za kibiashara. Kwenye baadhi ya ThinkPad kama T430 tundu la laini limefichwa nyuma ya betri, na watu wamezimiliki miaka mingi bila kujua kwamba wanaweza kuweka laini humo. Hizi ndizo zinazosimamiwa na ModemManager, na hizi ndizo zinazofundisha vizuri, kwa kuwa zinakuonyesha kila hatua.

Andika mmcli -L, utapata njia inayoishia na namba ya modemu, tuseme 0. Kisha mmcli -m 0. Itatoka karatasi nzima: jina la kifaa, namba yake ya IMEI, kampuni ya simu, asilimia ya mawimbi, na neno moja linaloeleza hali. Neno hilo lisomeni kwa makini kuliko yote. Likiwa locked, laini inataka PIN; mpeni mmcli -i 0 --pin= pamoja na namba yenu, na msibahatishe, kwa sababu mkikosea mara tatu laini itadai PUK, namba ya kuifungua. Likiwa failed pamoja na sababu ya sim-missing, laini haijakaa vizuri, ichomoeni na kuirudisha. Likiwa searching, modemu inautafuta mnara: tatizo ni mawimbi, au laini haijasajiliwa, au imefungiwa. Likiwa registered, mnara umekupokea na kilichobaki ni kufungua njia ya data. Likiwa connected na bado hakuna ukurasa unaofunguka, basi acha kabisa kuisumbua modemu. Tatizo liko mbele zaidi.

Ninyi vijana, nawaomba mjifunze pia kuzungumza na modemu bila msaada wa mtu wa kati. Modemu ya aina hii huweka milango ya mawasiliano inayoitwa ttyUSB0, ttyUSB1 na kuendelea, na ukifungua mmojawapo ukaandika AT, itakujibu OK. Herufi hizo mbili zimetoka kwenye modemu za simu za waya za kampuni ya Hayes, mwaka 1981. Zaidi ya miaka arobaini imepita, simu zimekuwa za 4G, na bado mazungumzo yanaanza na AT. Andika AT+CSQ, itakupa namba kuanzia 0 hadi 31, na 99 ikiwa haijui. Zidisha namba hiyo kwa mbili, kisha jumlisha na hasi 113, unapata nguvu ya mawimbi kwa kipimo cha dBm. Ukipewa 10, mawimbi yako ni hasi 93. Hilo ni somo la hisabati la kidato cha kwanza, na mwanafunzi anazunguka nalo uwanjani akitafuta mahali pazuri pa kuweka modemu.

APN sasa. Hili ni jina la mlango wa data katika kampuni ya simu, na jina likikosewa, mnara unakupokea lakini data haipiti. Vodacom ya Tanzania hutumia internet. Safaricom ya Kenya hutumia safaricom. Kwenye Ubuntu ukibofya alama ya mtandao na kuchagua kuongeza intaneti ya simu, utaulizwa nchi, kisha kampuni, na APN inajijaza yenyewe kutoka kwenye orodha inayotunzwa na watu wa kujitolea duniani kote. Orodha hiyo wakati mwingine inachelewa, kampuni inabadili jina au inaunganishwa na nyingine, na orodha inabaki na ya zamani. Ikiwa haikubali, ulizeni huduma kwa wateja APN ya sasa, muiandike kwa amri hii:

nmcli connection add type gsm ifname '*' con-name shule apn internet

Na kuiwasha: nmcli connection up shule. Basi. Mkiona maelekezo ya zamani yanayowaambia musakinishe wvdial na kuandika faili refu lenye namba *99#, yaacheni. Yalikuwa na kazi yake enzi za Huawei E220 na 3G ya kwanza. Leo yanagombana na ModemManager juu ya mlango mmoja, na wote wawili wanashindwa.

Kuna kosa la umeme ambalo halisemwi sana. Tundu la USB 2.0 kwa kawaida linatoa miliampia 500, na modemu inapotafuta mnara wa mbali hula umeme mwingi kwa ghafla. Ukiitundika kwenye kigawanya USB kisicho na umeme wake, pamoja na kipanya na flashi mbili, itawaka, itaungana, kisha itakatika, tena na tena. Watu wanalaumu mtandao. Andikeni sudo dmesg -w, muone: kila inapokatika, kerneli inaandika kwamba kifaa cha USB kimetoka. Mtandao wa simu ukiwa na shida, kifaa hakitoki. Kinabaki palepale na kutafuta. Kwa hiyo mstari ule mmoja unakwambia kama uinunulie modemu tundu lake peke yake au umlaumu mtu wa mnara. Kebo ya kuongezea ya kuipeleka modemu dirishani inasaidia sana, ila iwe fupi na nene.

Tuseme sasa hali ni connected, anwani imepatikana. Jaribuni ping 8.8.8.8. Ikijibu, intaneti ipo. Kisha ping jina la tovuti yoyote. Namba ikijibu na jina lisijibu, tatizo ni DNS, huduma inayogeuza majina kuwa anwani, na resolvectl status itaonyesha kompyuta inauliza majina kwa nani. Vyote vikijibu lakini kivinjari kinalalamika kuhusu usalama wa kila tovuti, tazameni saa! Kompyuta kuukuu zina betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao, nayo ikifa, kompyuta inaamka kila asubuhi ikiamini ni mwaka wa kale. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kwisha, na kwa kompyuta hiyo havijaanza kutumika. Hata apt, programu ya kupakua na kusasisha vifurushi, itakataa kusasisha. Andikeni timedatectl, mrekebishe tarehe, na mnunue betri mpya.

Na kuna nyakati ambapo kila kitu kwako kiko sawa na bado hakuna kitu. Tarehe 12 Mei 2024 mnaikumbuka. Nyaya za baharini za SEACOM na EASSy zilikatika kusini mwetu, na Tanzania tukawa miongoni mwa walioumia zaidi. Modemu zilionyesha mawimbi kamili, anwani zilipatikana, na kurasa hazikufunguka. Aliyejua kuandika mtr na kufuata safari ya paketi kituo kwa kituo aliona kwamba njia inaishia nje ya uwezo wake, akafunga kompyuta, akafundisha somo jingine. Asiyejua alikesha anasakinisha upya.

Sasa walimu wenzangu, nije kwenye jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote niliyotaja. Kuungana ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni bando.

Shule inanunua bando la mwezi kwa pesa za wazazi. Jumatatu kompyuta zinaunganishwa, Jumanne asubuhi bando limekwisha, na hakuna mwanafunzi aliyefungua hata ukurasa mmoja wa maana. Limekwenda wapi? Limekwenda kwenye masasisho. Kompyuta kumi na tano, kila moja ikishusha faili zile zile, peke yake, usiku. Mkuu wa shule anaona pesa zimepotea, anaagiza intaneti ikatwe, na hawezi kulaumiwa.

Linux ina uwezo wa kuelewa kwamba intaneti hii inalipiwa kwa kipimo. Ukiunganisha modemu halisi, NetworkManager, programu inayosimamia mitandao kwenye Linux, inajua ni mtandao wa simu na inakisia yenyewe kwamba una kikomo. Simu ya Android nayo inapogawa intaneti hutuma ishara ya siri inayosema hivyo hivyo. Lakini HiLink na ruta nyingi hujionyesha kama waya wa kawaida, na kompyuta inadhani imeunganishwa na kisima kisichokauka. Hakuna mtu anayeiambia vinginevyo. Hivyo siku ya kwanza kabisa, kabla ya jambo jingine, iambieni:

nmcli connection modify "jina la muunganisho" connection.metered yes

Masasisho ya kujiendesha ya Ubuntu yana agizo la kuruka siku za mtandao wa namna hii. Programu za snap, aina nyingine ya vifurushi vya Ubuntu, ambazo kwa kawaida hujisasisha hadi mara nne kwa siku, zinahitaji neno lake la ziada: sudo snap set system refresh.metered=hold. Kisha sakinisheni vnstat, na kila jioni muandike vnstat -d, muone siku imekula kiasi gani. Mpeni mwanafunzi mmoja daftari aandike. Baada ya wiki chache mtajua bando lenu lina maisha gani, na mtakwenda kwa mkuu wa shule mkiwa na takwimu mkononi.

Sisemi msisasishe kompyuta. Masasisho ndiyo usalama wenu. Nasema kila faili liingie shuleni mara moja tu. Chagueni kompyuta moja iwe ya kupokea. Modemu ikae hapo. Tundu la waya la kompyuta hiyo liunganishwe na swichi ya darasa, na muandike:

nmcli connection add type ethernet ifname enp3s0 con-name darasa ipv4.method shared

Badala ya enp3s0 wekeni jina la kadi yenu. Kompyuta hiyo sasa ni ruta. Itajipa anwani ya 10.42.0.1 na kuwagawia wengine anwani zao bila ninyi kusanidi kitu kingine. Juu ya hapo sakinisheni apt-cacher-ng. Kwenye kila kompyuta ya mwanafunzi wekeni faili dogo ndani ya /etc/apt/apt.conf.d lenye mstari mmoja:

Acquire::http::Proxy "http://10.42.0.1:3142";

Kuanzia hapo kompyuta ya kwanza ikiomba kifurushi kinashuka kutoka intaneti, na kumi na nne zinazofuata zinakipata kwenye diski ya kompyuta ile, kwa kasi ya waya, bila kugusa bando. Ongezeni Kiwix, programu ya kusoma tovuti bila intaneti, na nakala ya Wikipedia ya Kiswahili, ambayo si kubwa, na ya Kiingereza iliyochambuliwa kwa ajili ya shule kama diski inaruhusu. Hata siku salio likiwa sifuri, au nyaya za baharini zikikatika tena, mwanafunzi wa jiografia ana mahali pa kusoma.

Nimesikia pembeni hoja kwamba haya ni mambo ya watu wa nje, sisi tutumie tu vilivyo tayari. Sikubaliani. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice. Hawakuomba ruhusa ya kampuni yoyote, kwa kuwa programu huria haidai ruhusa hiyo. Ni haki ile ile anayoitumia mwanafunzi wenu anapofungua faili la usb_modeswitch na kusoma ujumbe unaotumwa kwa modemu ya shule yake.

Salio nalo halihitaji kutoa laini na kuirudisha kwenye simu. Modemu halisi inaweza kupiga menyu yenyewe: mmcli -m 0 --3gpp-ussd-initiate="*149*01#" kwa Vodacom, au *544# kwa Safaricom, na jibu linatoka kwenye skrini. SMS za kampuni zinazosema bando linakaribia kwisha mtazikuta kwa mmcli -m 0 --messaging-list-sms. Kwenye HiLink zipo kwenye ule ukurasa wa 192.168.8.1, na nawaomba mbadilishe neno la siri la ukurasa huo leo hii, kwa sababu mwanafunzi mtundu akiingia anaweza kununua bando la michezo kwa salio la shule.

Kijana mmoja aliniuliza nilipokuwa naingia: je, akitengeneza tovuti kwenye kompyuta ya darasa, mama yake aliye kijijini anaweza kuifungua kwenye simu? Kwa laini ya simu ya kawaida, moja kwa moja, hapana. Anwani ambayo kampuni inakupa mara nyingi ni ya ndani, inayoanza na 10 au na 100.64 hadi 100.127, na wateja wengi wanatoka nje kwa mlango mmoja. Unaweza kutoka, lakini aliye nje hana njia ya kukubishia hodi. Dawa ni kompyuta yako iwe ndiyo inayoanza: ifungue njia ya faragha kwa programu ya WireGuard kwenda kwenye seva yenye anwani ya wazi, na wageni wapitie huko. WireGuard imo ndani ya kerneli tangu toleo la 5.6 la mwaka 2020, kwa hiyo mlango upo tayari kwenye kompyuta yako. Kinachogharimu ni seva. Kijana, tukitoka hapa tukae tuone ya bei nafuu.

Meza tatu zimeandaliwa pale ukutani. Wenye modemu za HiLink mwende ya kwanza, wenye ZTE na modemu za zamani ya pili, na wenye MiFi na ruta ya tatu. Kila kundi lianze na lsusb kabla ya kubofya kitu chochote, na mwandike zile namba mbili ubaoni mbele ya jina la shule yenu. Yeyote ambaye namba yake haibadiliki ndani ya dakika moja baada ya kuchomeka, anyooshe mkono, nitaanza naye.